Johannes Rebmann na Theluji ya Kilimanjaro

Sisi tukaao katika bonde la Kilombero twaijua ardhi yenye joto na tope. Hata usiku wa mwezi wa Juni jembe la mkulima wa Ifakara haligongi barafu. Basi twaweza kufahamu kwa nini Johannes Rebmann hakusadikiwa.

Alizaliwa Gerlingen, katika Ujerumani, tarehe 16 Januari 1820. Mwaka 1846 alifika Mombasa, akafanya kazi ya Injili huko Rabai pamoja na Ludwig Krapf.

Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchaga, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Mwongozi wake, Bwana Kheri, aliuita baridi tu. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Wachaga nao walijua kwamba weupe ule ukiletwa chini hugeuka maji, na walisimulia habari za waliopanda zamani wakaharibika mikono na miguu kwa baridi.

Habari hizo zilipochapwa mwaka 1849, mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, alizikana. Hakuwahi kuuona mlima ule. Walakini alishika kwamba theluji haiwezi kudumu karibu na Ikweta. Kumbe hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila tupandapo mita 1000. Juu ya Kilimanjaro, karibu mita 5895, wastani wa hewa kwa mwaka ni nyuzi 7 chini ya sifuri. Huko ni pakavu, na mvua ni haba. Mchana jua huchoma mchanga mweusi wa volkeno. Usiku unyevu uliomo huganda, na ardhi huwa ngumu kama jiwe. Katika baridi ya namna hiyo udongo wa ndani waweza kukaa umeganda mwaka hata mwaka.

Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya mlima, akathibitisha kuwa theluji ipo. Rebmann alidumu Rabai hata mwaka 1875, akarudi kwao akiwa kipofu, akafa Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Macho yake yalikuwa yamezimika, lakini ushuhuda wake ulisimama. Nasi tufundishao wengine tujifunze haya: kusema tulichokiona bila kuongeza, na kuwasikiliza wenyeji kabla ya kuwakanusha.