Mackinnon na Pwani Yetu

Mwaka huu nimeonelea nisimulie maisha ya tajiri mmoja ambaye sisi watu wa Malindi na Kilifi humsikia mara moja tu katika kipindi cha Historia, kisha akapita. Naye ni William Mackinnon.

Mzee huyu alizaliwa Campbeltown, Scotland, mwaka 1823. Mwaka 1847 alikwenda India kutafuta maisha, na mwaka 1856 yeye na wenziwe wakaanzisha kampuni ya meli. Biashara si mchezo, lakini yake ilishika. Kutoka 1872 meli zake zilikuwa zikileta barua na mizigo Unguja.

Mwaka 1887 Sayyid Barghash aliwakabidhi Mackinnon na wenziwe ukanda wa pwani toka Mto Umba hadi Kipini, wausimamie na watoze ushuru. Malindi na Kilifi zilikuwa humo humo. Mwaka 1888 kampuni yao, Imperial British East Africa Company, ikapata hati ya Malkia wa Uingereza.

Sasa makao yawe wapi? Malindi ilikuwa na mashamba makubwa ya mtama, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, na nafaka yake ilifika hadi Uarabuni. Lakini ghuba yetu iko wazi kwa mawimbi, na meli kubwa hutia nanga mbali. Mombasa ina maji ya kina, tena ilikuwa mlango wa njia ya Uganda. Basi ikachaguliwa Mombasa. Ndiyo sababu hata reli ilianzia kule mwaka 1896, sisi tukabaki na basi letu.

Hata hivyo kampuni haikuona faida. Gharama za bara ziliimeza. Mackinnon alifariki London mwaka 1893. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi, na kampuni ikalipwa pauni 250,000. Kumbe pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka katika fedha za Sultani wa Unguja! Mwenye pwani alilipishwa kuikomboa pwani yake, nayo papo hapo ikashikwa na Waingereza.

Wenzangu, funzo ni hili: kampuni hukaa panapoifaa yenyewe. Ikija kwetu, tuusome mkataba mpaka mstari wa mwisho kabla ya kutia sahihi. Wahenga walijua: mali bila daftari hupotea bila habari.