Josphat Karanja

Josphat Njuguna Karanja (5 Februari 1931 – 28 Februari 1994) alikuwa mwanahistoria, mwanadiplomasia na mwanasiasa wa Kenya. Alikuwa makamu wa chansela wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kuanzia mwaka 1970 hadi 1979, na makamu wa rais wa tano wa Kenya, kuanzia Machi 1988 hadi Mei 1989. Kabla ya hapo aliiwakilisha Kenya mjini London.

Wakenya wengi humkumbuka kwa jinsi alivyoondolewa katika umakamu wa rais baada ya miezi kumi na mitatu tu. Hata hivyo, kazi iliyochukua sehemu kubwa zaidi ya maisha yake ya utumishi ni ile ya chuo kikuu.

Maisha ya awali na masomo

Karanja alizaliwa Githunguri, katika wilaya ya Kiambu, kaskazini mwa Nairobi. Alijiunga na Chuo cha Makerere mjini Kampala, ambacho wakati huo ndicho kilichokuwa mahali pekee pa elimu ya juu kwa vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ambao hawakupata njia ya kwenda ng'ambo.

Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula kibaya. Uongozi wa chuo uliona mgomo huo kuwa uasi, ukawafukuza wanafunzi kadhaa. Karanja alikuwa mmoja wao. Mwingine alikuwa Abu Mayanja wa Uganda, ambaye baadaye alikwenda kusoma Cambridge na kuja kuwa waziri nchini mwake. Kwa kijana wa Kiambu wa mwaka ule kufukuzwa chuo hakukuwa jambo dogo: mnamo Oktoba serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya, na Kiambu ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizobanwa zaidi.

Njia yake ilipitia India. Serikali ya Jawaharlal Nehru ilikuwa ikitoa nafasi za masomo kwa Waafrika, na Karanja alipata shahada yake katika Chuo Kikuu cha Delhi. Kutoka huko alikwenda Marekani, akasoma Chuo Kikuu cha Atlanta na kisha Princeton, alikopata shahada ya uzamivu katika historia mwaka 1962. Tasnifu yake ilihusu msimamo wa Marekani kuhusu ile Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ambayo mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliitumia kujipatia Kongo. Alifundisha kwa muda mfupi huko Marekani, akarudi Nairobi na kufundisha katika chuo ambacho miaka michache baadaye angekuja kukiongoza.

Balozi mjini London

Baada ya uhuru Karanja aliteuliwa kuwa balozi wa Kenya nchini Uingereza, akakaa huko hadi mwaka 1970. Haikuwa miaka ya starehe. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mnamo Novemba 1965, Tanzania ilivunja uhusiano wake wa kibalozi na Uingereza, lakini Kenya haikufanya hivyo, na balozi wake alibaki London. Mwanzoni mwa mwaka 1968 maelfu ya Wakenya wenye asili ya Asia waliokuwa na pasipoti za Uingereza walikimbilia huko kwa kuhofia sheria mpya za Kenya za uhamiaji na leseni za biashara. Bunge la Uingereza likapitisha upesi sheria ya kuwazuia, na ubalozi wa Kenya ukajikuta katikati ya mabishano kati ya serikali hizo mbili.

Chuo Kikuu cha Nairobi

Hadi mwaka 1970 vyuo vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilikuwa matawi ya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na viligawana masomo. Sheria ilifundishwa Dar es Salaam, uhandisi na udaktari wa mifugo Nairobi, kilimo Makerere. Umoja huo ulipovunjwa tarehe 1 Julai 1970 kila nchi ilitaka kuwa na kila kitu. Nairobi ilianzisha kitivo chake cha kilimo huko Kabete. Tanzania nayo ilikuwa imeshaanza kukigeuza chuo chake cha kilimo cha Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984.

Chansela wa chuo kipya cha Nairobi alikuwa rais mwenyewe, Jomo Kenyatta. Kazi ya kila siku ilikuwa ya makamu wa chansela, ambaye aliteuliwa na chansela. Kenyatta alimchagua Karanja, aliyekuwa na umri wa miaka 39. Alichukua nafasi ya Arthur Porter, mwanahistoria wa Sierra Leone aliyekuwa mkuu wa chuo tangu mwaka 1964, na hivyo akawa Mkenya wa kwanza kukiongoza. Uteuzi huo ulikuwa na walakini machoni pa baadhi ya wahadhiri na wanafunzi, kwa kuwa mteuliwa alitoka katika ubalozi na si katika idara ya chuo, na alionekana kuwa mtu wa Ikulu.

Chuo kilikua haraka katika miaka yake. Shule ya uandishi wa habari ilianzishwa mwaka 1970. Kahawa, nje ya Nairobi, katika kambi ya zamani ya jeshi la Uingereza, kulikuwa na Chuo cha Kenyatta, kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi na kilichofundisha walimu. Nafasi za wahadhiri zilizokuwa zimeshikwa na wageni zilianza kujazwa na Wakenya.

Uhusiano na wanafunzi ulikuwa mbaya karibu muda wote. Mwaka 1974 serikali iliondoa ruzuku za wanafunzi wa chuo kikuu na kuweka mikopo mahali pake, na migomo ikazuka. Mnamo Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki, mkosoaji wa serikali aliyependwa sana chuoni, aliuawa na mwili wake ukakutwa Ngong. Wanafunzi waliandamana, polisi wakaingia chuoni, na tarehe 2 Machi ikawa siku ya kumbukumbu ambayo kila mwaka uongozi uliingoja kwa hofu. Chuo kilifungwa mara kadhaa katika muongo huo, wanafunzi wakarudishwa makwao na baadhi yao wakafukuzwa. Mtu aliyefukuzwa Makerere kwa mgomo wa chakula ndiye sasa aliyetia saini barua za namna hiyo. Wapinzani wake hawakuacha kulitaja jambo hilo; waliomtetea walisema kuwa makamu wa chansela chini ya Kenyatta hakuwa na uwezo wa kuyakataa maagizo ya serikali, na kwamba chuo kilichofungwa kwa wiki chache kilikuwa afadhali kuliko kilichovunjwa kabisa.

Jaribio gumu zaidi lilihusu mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa idara ya fasihi. Alikamatwa mwishoni mwa Desemba 1977 baada ya tamthilia yake ya Kigikuyu kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Kenyatta alifariki Agosti 1978, na rais mpya, Daniel arap Moi, akamwachilia Ngũgĩ mnamo Desemba pamoja na wafungwa wengine wa kisiasa. Chuo hakikumrudisha kazini. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba kuwekwa kizuizini kulikuwa tendo la dola lililovunja mkataba wake. Chama cha wahadhiri kilipinga, bila mafanikio. Kati ya yote yaliyotokea katika uongozi wa Karanja, hilo ndilo lililoandikwa zaidi nje ya Kenya, na haikuwa kwa kumsifu.

Michezo

Miaka ya Karanja chuoni ilikuwa pia miaka ya fahari ya wanariadha wa Kenya, lakini fahari hiyo haikupitia Chuo Kikuu cha Nairobi. Kuingia huko kulitegemea alama za mtihani wa kidato cha sita peke yake. Mkimbiaji hodari asiye na alama hizo hakuwa na mlango. Vyuo vikuu vya umma vya Marekani, kinyume chake, vilikuwa na fedha za kuwasomesha wanamichezo, na viliwatafuta Wakenya hadi vijijini.

Katika Olimpiki za Munich mwaka 1972 Kenya ilipata dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Wawili kati ya wanne hao, Julius Sang na Robert Ouko, walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina Central, chini ya kocha LeRoy Walker, ambaye baadaye alipanda kuwa mkuu wa chuo hichohicho. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 Munich, alisoma New Mexico. Samson Kimobwa na Henry Rono walikuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington: Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, na mwaka uliofuata Rono alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Watanzania nao walifuata njia hiyo. Suleiman Nyambui alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso.

Mchezo uliostawi Nairobi ulikuwa raga, ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa klabu za Wazungu. Timu ya wanafunzi, Mean Machine, iliibuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 na kutwaa Kombe la Kenya. Ilikuwa kazi ya wanafunzi wenyewe kuliko mpango wa uongozi, na chuo ambacho majengo yake yalikuwa yakifungwa na kufunguliwa kwa amri kilipata hapo jambo la kushangiliwa na watu wote.

Siasa

Karanja aliacha chuo mwaka 1979 na nafasi yake ikachukuliwa na Joseph Mungai, daktari na mwalimu wa anatomia. Alijaribu kupata ubunge wa Githunguri lakini Arthur Magugu alikuwa amejikita huko. Nafasi ilipatikana mwaka 1986 Nairobi, baada ya mbunge wa Mathare, Andrew Ngumba, kukimbilia nje ya nchi. Karanja alishinda uchaguzi mdogo.

Machi 1988, baada ya uchaguzi mkuu uliotanguliwa na kura za mchujo za kupanga mlolongo nyuma ya mgombea, Moi alimshusha Mwai Kibaki kutoka umakamu wa rais na kumpeleka Wizara ya Afya. Karanja akapewa nafasi hiyo. Hakuwa na kundi lake la kisiasa, na hata Kiambu hakuwa na nguvu kubwa. Wachambuzi wengi wanaona kwamba hiyo ndiyo sababu aliteuliwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1989 wanasiasa wa Kiambu, akiwemo Kuria Kanyingi, walianza kumshambulia hadharani, kwanza bila kumtaja jina. Ilidaiwa kuwa alikuwa na majivuno, kwamba alijifanya rais wakati Moi alipokuwa safarini, na kwamba alikuwa na mawasiliano ya siri na Uganda. Mwezi Aprili David Mwenje, mbunge wa Embakasi, alileta bungeni hoja ya kutokuwa na imani naye. Katiba haikulipa bunge mamlaka ya kumwondoa makamu wa rais, ambaye aliteuliwa na rais peke yake, lakini katika utawala wa chama kimoja kila aliyesimama kuzungumza alielewa hoja hiyo isingefika pale bila ridhaa ya wakubwa. Karanja alikanusha yote na kudai ushahidi. Haukuletwa. Wabunge waliipitisha hoja, naye akajiuzulu tarehe 1 Mei 1989. George Saitoti, mwalimu wa hisabati aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu alichokiongoza Karanja, aliteuliwa mahali pake.

Miaka ya mwisho

Mfumo wa vyama vingi uliporudi, Karanja alijiunga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Katika uchaguzi wa Desemba 1992 alichaguliwa hatimaye kuwa mbunge wa Githunguri, akakaa upande wa upinzani dhidi ya rais aliyemteua na kumwacha. Aliugua saratani na kufariki Februari 1994, akiwa bado mbunge. Kiti chake kilichukuliwa na Njehu Gatabaki, wa FORD-Asili pia, mhariri wa jarida la Finance ambalo serikali ilikuwa imelisumbua mara nyingi.