Mwepu Ilunga: Beki wa Zaire aliyechekwa na dunia kwa mpira mmoja

Na Mwandishi Wetu, Mtumba, Dodoma

KATIKA vibanda vya kuonesha mpira, hapa Mtumba kama kwingineko, kuna kipande cha picha kisichochakaa. Wachezaji wa Brazil wamesimama kando ya mpira wa adhabu, mwamuzi anapuliza filimbi, na kabla yeyote kati yao hajaugusa, mlinzi mmoja wa Zaire anachomoka kwenye ukuta na kuubutua mbali.

Watu hucheka. Wamekuwa wakicheka tangu Juni 22, 1974, siku tukio hilo lilipotokea mjini Gelsenkirchen, iliyokuwa Ujerumani Magharibi.

Mlinzi huyo ni marehemu Mwepu Ilunga, beki wa kulia aliyevaa jezi namba mbili. Ni wachache kati ya wanaocheka wanaojua jina lake, na wachache zaidi wanaojua kilichokuwa kimewapata yeye na wenzake katika siku chache kabla ya mchezo huo.

Mwepu alizaliwa Agosti 22, 1949, na kupewa jina la Joseph. Jina hilo la ubatizo liliwekwa kando miaka ya mwanzo ya sabini, pale Rais Mobutu Sese Seko alipoamuru raia wote waache majina ya Kizungu. Nchi yenyewe ilikuwa imebadilishwa jina mwaka 1971, kutoka Kongo kuwa Zaire.

Klabu yake ilikuwa Tout Puissant Englebert ya Lubumbashi, mji wa machimbo ya shaba ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya uwanjani. Wasomaji wa Tanzania wanaifahamu vyema kwa jina lake la baadaye, TP Mazembe, ambayo Mbwana Samatta aliitumikia na kutwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015.

Hiyo haikuwa timu ya kubahatisha. Ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968, ikawa ya kwanza kulitetea kombe hilo, kisha ikafika fainali mbili zilizofuata. Miongoni mwa walinzi wake alikuwamo Bwanga Tshimen, Mwanasoka Bora wa Afrika wa mwaka 1973. Kwa maneno mengine, Mwepu alitoka katika moja ya timu ngumu kuliko zote barani.

Mobutu aliipenda soka, au tuseme alipenda kile ambacho soka ingeweza kumfanyia. Timu ya taifa, iliyokuwa ikiitwa Simba, ilibatizwa upya ikawa Chui, mnyama ambaye ngozi yake rais aliivaa kichwani. Wachezaji waliokuwa Ubelgiji walirejeshwa nyumbani, na milango ya kwenda kucheza Ulaya ikafungwa.

Matunda yalionekana. Katika kuwania nafasi ya Kombe la Dunia la 1974, Zaire iliwaondoa Ghana na Zambia, kisha ikaifunga Morocco mabao 3-0 mjini Kinshasa Desemba 1973. Wamorocco walilalamikia uamuzi wa refa, na rufaa yao ilipokataliwa wakagoma kucheza mchezo uliobaki. Zaire ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Jangwa la Sahara kufuzu fainali hizo. Kila mchezaji alizawadiwa nyumba na gari.

Machi 1974 wakaenda Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika nusu fainali wenyeji waliongoza kwa mabao mawili, Zaire ikarudisha yote na kushinda 3-2. Fainali dhidi ya Zambia ilimalizika 2-2, ikarudiwa, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya michezo hiyo miwili yalifungwa na Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano akiwa na mabao tisa.

Huyo ndiye Mwepu aliyesafiri kwenda Ujerumani miezi mitatu baadaye: bingwa wa Afrika.

Mchezo wa kwanza ulikuwa Juni 14 mjini Dortmund dhidi ya Scotland. Zaire ilifungwa 2-0, matokeo yasiyo ya aibu kwa timu iliyokuwa ikicheza kwa mara ya kwanza katika jukwaa hilo.

Mambo yaliharibikia hotelini. Msafara wa Zaire ulijaa viongozi na wapambe wa serikali, na fedha zilizopaswa kuwafikia wachezaji ziliishia mikononi mwao. Wachezaji walipobaini kuwa hawatalipwa, walitishia kutoingia uwanjani kuikabili Yugoslavia. Mwishowe waliingia, lakini mioyo yao haikuwamo.

Juni 18 walifungwa mabao tisa bila majibu. Tofauti hiyo ililingana na rekodi ya fainali za Kombe la Dunia iliyowekwa mwaka 1954, Hungary ilipoifunga Korea Kusini. Kipa Kazadi Mwamba, mmoja wa makipa bora wa Afrika wa zama hizo, alitolewa mabao yakiwa matatu tu, na aliyeingia, Tubilandu Ndimbi, akaanza kazi kwa kuokota mpira wavuni.

Ndani ya mchezo huo kuna jambo ambalo vipande vya picha vya siku hizi havioneshi. Wazaire walipomzonga mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, mmoja wao alimpiga teke kwa nyuma. Delgado alimtoa nje Ndaye Mulamba, ambaye hakuwa na kosa. Aliyempiga teke alikuwa Mwepu, na baadaye alikiri mwenyewe.

Hatumsafishi kwa hilo. Ila mtu anayetaka kuelewa kilichotokea siku nne baadaye lazima ajue kwamba beki huyu alikuwa tayari amejaa hasira hadi pomoni.

Baada ya tisa zile, Mobutu alighadhabika. Kwa mujibu wa simulizi ya Mwepu mwenyewe, aliyoitoa miaka mingi baadaye, walinzi wa rais walifika hotelini, waandishi wa habari wakaondolewa, na wachezaji wakaelezwa kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu hakuna atakayerudi nyumbani.

Sasa tazama hesabu ilivyokaa. Brazil, mabingwa watetezi, walikuwa wametoka sare tasa na Yugoslavia na Scotland. Siku ileile, Juni 22, Scotland na Yugoslavia zilikuwa zikicheza kwingine na zikatoka sare ya 1-1. Ili iipiku Scotland kwa tofauti ya mabao, Brazil ilihitaji ushindi wa mabao matatu. Zaire nayo iliruhusiwa kufungwa matatu, si manne.

Jairzinho alifunga dakika ya 12. Kisha Zaire ikakaza, na hadi mapumziko lilikuwa bado bao moja. Rivelino aliongeza la pili dakika ya 66, na dakika ya 79 shuti la Valdomiro likampita Kazadi na kuwa la tatu. Brazil ikafuzu, na Scotland ikarudi nyumbani bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Ilikuwa katika kipindi hicho cha pili, mchezo ukielekea ukingoni, ambapo Brazil ilipata mpira wa adhabu karibu na lango. Mtu kama Rivelino anapokuwa upande wa pili, mpira wa adhabu si jambo la kupuuzwa. Guu lake la kushoto lilikuwa likijulikana duniani kote. Mwepu aliutoa mpira ule mahali pake kwa teke moja. Mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania alimwonesha kadi ya njano, huku Wabrazil wakiduwaa na baadhi yao wakicheka.

Watangazaji wa Ulaya walilipokea tukio hilo kama ushahidi kwamba Waafrika hawajui sheria za mchezo. Tafsiri hiyo ilisambaa na kudumu kwa miongo mingi, na sisi wenyewe tuliibeba bila kuihoji. Mwaka 1974 Tanzania Bara haikuwa na televisheni, hivyo wazee wetu hawakuiona picha ile siku yenyewe. Waliokuja kuiona ni watoto wao, nayo ilikuwa imeshafungashwa pamoja na kicheko cha wenzetu.

Lakini beki aliyepitia michuano ya Afrika, aliyecheza mechi za mchujo wa Kombe la Dunia dhidi ya mataifa makubwa ya bara hili, angewezaje kutojua kwamba anayepewa adhabu ndiye anayepiga? Dhana hiyo haisimami hata kwa dakika moja.

Mwepu mwenyewe alitoa maelezo ya aina mbili kwa nyakati tofauti. Mara moja alizungumzia vitisho na hofu. Mara nyingine alisema alitaka atolewe kwa kadi nyekundu, kwa kuwa hakuona sababu ya kuendelea kuumia uwanjani ilhali wengine ndio waliokuwa wakinufaika na fedha zao. Wapo waliotumia tofauti hiyo kumwita mwongo. Mwandishi wa makala haya haoni mgongano wowote: mtu anaweza kuogopa na kukasirika kwa wakati mmoja, na teke lile lilipoteza sekunde kadhaa ambazo Zaire ilizihitaji sana.

Matokeo yalibaki 3-0. Chui walirejea nyumbani, na hakuna aliyewapokea kwa shangwe. Miezi minne baadaye Mobutu alikuwa na fahari mpya ya kuionesha dunia, pambano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Soka ikasahauliwa. Kwenye mchujo wa Kombe la Dunia lililofuata, Zaire ilijitoa.

Wachezaji nao waliachwa. Ndaye Mulamba, baada ya kuenziwa nchini Tunisia mwaka 1994, alivamiwa na kupigwa risasi na watu waliotaka medali yake, akaishia ukimbizini Afrika Kusini, alikofariki mwaka 2019.

Mwepu alibaki Kinshasa. Katika mahojiano ya uzeeni alisema anajivunia kuiwakilisha Afrika, lakini akaongeza kwamba walikwenda Ujerumani wakiamini watarudi matajiri, na kwamba kama angepewa maisha mengine angeweka bidii zaidi katika kilimo.

Alifariki dunia mjini humo Mei 8, 2015, akiwa na umri wa miaka 65, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Novemba mwaka huohuo klabu yake ya zamani, ikiwa na Samatta katika safu ya ushambuliaji, ilitwaa tena ubingwa wa Afrika mjini Lubumbashi.