Salum Abdallah: Kipaji kilichokuzwa nyumbani

Mkulima wa nyanya wa Mlali anaposhusha matenga yake mjini Morogoro, yumo katika mji uliomlea Salum Abdallah Yazidu, mwanamuziki aliyefahamika kwa herufi za majina yake, SAY.

Alizaliwa mwaka 1928. Akiwa kijana alivutiwa mno na muziki wa Cuba uliofika nchini kwa santuri. Inasimuliwa kuwa alitoroka nyumbani akitaka kupanda meli kwenda huko, lakini safari ikaishia Mombasa, akarejea Morogoro.

Wengi wangekata tamaa hapo. Yeye alianza na alichokuwa nacho. Mwaka 1948 aliunda bendi ya La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba. Mdundo aliuazima ng'ambo, lakini maneno aliyatunga kwa Kiswahili, na wasikilizaji wakayaona ni yao. Nyimbo kama Ngoma Iko Huku zilivuma Afrika Mashariki.

Mwaka 1965 alifariki kwa ajali ya gari, hajatimiza hata miaka 40. Biashara nyingi huzikwa pamoja na mwenyewe. Cuban Marimba haikuzikwa. Juma Kilaza alishika uongozi na bendi ikaendelea kupiga.

Kipaji ni mbegu anayotoa Mungu. Kupalilia ni kazi ya mwenye shamba. Anayejua kuchagua mbegu, kupiga hesabu au kuzungumza na wateja amfundishe mwenzake mapema, ili siku asipokuwepo duka lisifungwe.