Philip Henry Gosse: Mtu aliyeitia bahari katika kioo

Ukiingia katika baadhi ya hoteli kubwa za pwani, au katika nyumba za watu wenye nafasi zao, huenda ukakuta tangi la kioo lenye samaki wa rangi rangi. Tangi hilo huitwa akwaria. Watu hulitazama, wakalisifu, kisha wakaenda zao. Ni wachache mno wanaojiuliza jina hilo lilienezwa na nani, na kwamba aliyewafundisha watu wa kawaida kuiweka bahari nyumbani mwao alivuna nini kutokana na kazi hiyo. Mtu huyo ni Mwingereza, hayati Philip Henry Gosse.

Mimi ninayeandika haya nimekuwa mtunzaji wa tangi kama hilo hapa Mombasa kwa muda wa miaka mingi. Tangi lenyewe huchukua lita 2,000 za maji ya bahari. Ndani yake mna mawe, samaki, kamba wadogo, na matumbawe yaliyokuzwa kutokana na vipande vya matumbawe ya matangini, wala si ya kung'olewa baharini. Kwa hivyo nilipoyasoma maisha ya Bwana Gosse sikuyasoma kama hadithi ya mgeni wa mbali. Niliyasoma kama fundi anayesikiliza habari za fundi aliyemtangulia.

Gosse alizaliwa tarehe 6 Aprili, 1810, katika mji wa Worcester, akalelewa Poole, mji wa bandari ulioko kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo ndogo za nyuso za watu, na alikuwa akitembea mji hadi mji kutafuta wateja. Nyumbani hamkuwa na mali. Mnamo mwaka wa 1827, akiwa kijana wa miaka 17, alivuka bahari kwenda kisiwa cha Newfoundland kufanya kazi ya ukarani. Huko, mwaka wa 1832, alinunua kitabu juu ya darubini ya kutazamia vitu vidogo, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kukusanya wadudu na kuwachora.

Riziki yake haikunyooka. Mwaka wa 1835 alijaribu kulima huko Canada, na shamba likamshinda. Mwaka wa 1838 alikwenda Alabama, Marekani, akawa mwalimu wa shule. Aliyoyaona huko ya mateso ya watumwa yalimchukiza, na mwaka uliofuata alirudi kwao Uingereza akiwa karibu mikono mitupu. Alichokuwa nacho ni macho ya kuona na mkono wa kuchora.

Mwaka wa 1844 alitumwa Jamaica kukusanya ndege na wadudu, akakaa huko miezi 18. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Kitabu chake kuhusu ndege wa Jamaica, kilichotoka mwaka wa 1847, kilitaja katika ukurasa wake wa kwanza jina la Richard Hill, hakimu na mtaalamu wa mambo ya viumbe aliyekuwa mzalendo wa kisiwa hicho na mtu wa asili ya Kiafrika kwa upande mmoja. Kadhalika Gosse hakumficha msaidizi wake, kijana mweusi aliyeitwa Samuel Campbell, bali aliusifu ustadi wake. Katika zama zile si kila Mzungu angalifanya hivyo.

Gosse alimwoa Bibi Emily Bowes mwaka wa 1848, na mwaka wa 1849 wakapata mtoto wao wa pekee, Edmund. Husimuliwa kwamba siku aliyozaliwa mtoto huyo, baba aliandika habari hiyo katika shajara yake pamoja na habari ya kupokea mbayuwayu mmoja kutoka Jamaica, yote mawili katika mstari mmoja. Wengi humcheka kwa hilo. Mimi namwelewa, maana nyumbani kwangu nimepata kuulizwa ni nani ninayempenda zaidi, watoto au samaki.

Mnamo mwaka wa 1852 afya yake ilidhoofika kwa kazi nyingi, akahamia pwani ya Devon apate hewa ya bahari. Maji yakipwa alishuka kwenye miamba na kuchungulia vidimbwi. Humo aliona anemoni walio kama maua, kaa, konokono, samaki wadogo na mwani wa kila rangi. Shida ilikuwa moja. Ukimchukua kiumbe wa bahari ukamtia katika bakuli, muda si muda maji huoza naye hufa.

Si kwamba Gosse alikuwa wa kwanza kuisumbukia shida hiyo. Kuanzia mwaka wa 1846, Bibi Anna Thynne aliyafuga matumbawe ya mawe nyumbani kwake mjini London. Ili maji yapate hewa, mtumishi wake aliyamimina kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, karibu saa nzima. Hakuna anayelitaja jina la mtumishi huyo, nami kila pampu yangu inapoharibika humkumbuka. Naye mkemia Robert Warington alionyesha mwaka wa 1850 kwamba samaki, mmea wa majini na konokono wakiwekwa pamoja husaidiana: mmea hutoa hewa ambayo samaki huivuta, na konokono hula majani yaliyooza.

Gosse aliichukua kanuni hiyo akaijaribu kwa maji ya bahari na mwani hai. Ilifaulu. Kuanzia mwisho wa mwaka wa 1852 alipeleka viumbe aliowakusanya kwa mkono wake kwenye bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, na mwezi wa Mei, 1853, Nyumba ya Samaki ikafunguliwa humo. Watu walimiminika, maana wengi wao hawakuwa wamepata kumwona kiumbe wa bahari akiwa hai chini ya maji. Mwaka wa 1854 alitoa kitabu alichokiita The Aquarium, chenye picha za rangi alizozichora mwenyewe, nacho kikanunuliwa sana. Mwaka huo huo alieleza jinsi ya kutengeneza maji ya bahari kwa walio mbali na pwani, kwa kutumia chumvi ya mezani na chumvi nyingine tatu. Kodi ya kioo ilikuwa imeondolewa Uingereza mwaka wa 1845, na magari ya moshi yalikuwa yakifika pwani. Mambo yote yalikutana.

Lakini, ewe msomaji, usidhani kwamba kulijaza tangi ni kumaliza kazi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Gosse aliwaonya wasomaji wake kwamba kiumbe mmoja akifa mafichoni asiondolewe, wote watamfuata. Mwanga ukizidi, maji hugeuka kijani. Ukipungua, mwani hufa. Aliwafundisha kuweka konokono wa kulamba kioo, na kuuacha mwani ndani ya maji mapya kwa siku kadhaa kabla ya kumtia kiumbe yeyote.

Hayo ndiyo maisha yangu mimi. Kila asubuhi kabla ya chai natazama kipimajoto, kisha nahesabu samaki. Maji yapatayo lita 20 huwa yamekwenda na hewa tangu jana, na kwa kuwa chumvi haiendi na hewa, najazia maji matamu, si ya bahari, ili chumvi ibaki kiasi cha gramu 35 kwa lita. Kila wiki nabadilisha madumu 10 ya maji. Nasugua kioo, naosha vichujio, nakwangua chumvi iliyoganda kwenye mifuniko. Kuna siku kangaja huanza kumfukuza mwenziwe mpaka mmoja ahamishwe. Kuna siku anemoni hujing'oa mahali pake na kuzurura usiku kucha akiyachoma matumbawe njiani. Usiku mmoja stima ilipotea saa nne nzima, nikawa nayachota maji kwa jagi na kuyamwaga toka juu yapate hewa, kama yule mtumishi wa Bibi Thynne.

Jambo moja Gosse hakulijua, wala hakuna aliyelijua wakati ule. Alidhani mwani ndio unaoyasafisha maji. Kumbe kazi kubwa hufanywa na bakteria wasioonekana kwa macho, wanaokaa juu ya mawe na mchanga. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wa aina ya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Mmoja wa waliogundua kwamba kazi hiyo hufanywa kwa hatua mbili na viumbe wa aina mbili ni Robert Warington mdogo, mtoto wa yule mkemia niliyemtaja. Yeye alikuwa akichunguza udongo wa mashamba, si matangi ya samaki. Ndiyo sababu tangi jipya huachwa majuma kadhaa kabla ya kutiwa samaki, na anayekosa subira huzika.

Tuirudie habari ya Gosse. Mwaka wa 1857 ulimkalia vibaya. Mwezi wa Februari mkewe Emily alifariki kwa saratani ya titi, akamwachia mtoto wa miaka saba. Katika mwaka huo huo Gosse, aliyekuwa mcha Mungu asiyeyumba, alitoa kitabu cha kupatanisha Biblia na elimu ya mawe ya kale. Alisema kwamba Mungu aliiumba dunia ikiwa tayari na alama za umri ambao haukupita. Wataalamu walikikataa, na watu wa dini pia hawakukipokea. Akahamia St Marychurch huko Devon, akarudia vidimbwi vyake. Huko alikamilisha kitabu kikubwa juu ya anemoni na matumbawe ya Uingereza, kazi ya miaka ya 1858 hadi 1860 ambayo wataalamu waliendelea kuitegemea kwa muda mrefu. Mwishoni mwa mwaka wa 1860 alimwoa Bibi Eliza Brightwen, na nyumba ikapata utulivu.

Hata hivyo, lililokuwa likimngoja lilikuwa zito kuliko kukataliwa kwa kitabu. Vitabu vyake vilikuwa vimewapeleka watu pwani kwa maelfu, kila mmoja na ndoo na patasi. Kila sebule ilitaka tangi. Waling'oa anemoni, wakapasua miamba, wakabeba kila chenye rangi. Aghalabu viumbe hao walikufa njiani au baada ya siku chache, na watu wakarudi kuchukua wengine. Vidimbwi ambavyo Gosse alivikuta kama bustani vikabaki mawe matupu. Mtoto wake Edmund, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alieleza katika kitabu chake Father and Son cha mwaka wa 1907 jinsi baba yake alivyoyaona hayo kabla ya kufa, na jinsi yalivyomuumiza. Mtu aliyeipenda pwani kuliko wote ndiye aliyeonyesha njia ya kuipora.

Habari hiyo nimeifikiria sana, kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani. Kwetu hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziliwekwa mwaka wa 1968, na kung'oa tumbawe humo ni marufuku. Lakini mwaka wa 1998 bahari yenyewe ilipata joto kupita kiasi. Matumbawe yakawatoa mwani wadogo wanaoishi ndani ya miili yao na kuyalisha, yakageuka meupe, na mengi yakafa katika pwani yetu. Mimi joto likizidi tangini nawasha feni na kupunguza taa, na kwa muda wa saa chache nimeokoa kila kitu. Bahari haina feni. Ndipo nilipotambua kwamba tangi langu la lita 2,000, pamoja na pampu zake zote, hufanya kwa taabu kazi ambayo mwamba wa pale nje huifanya bila ya mshahara.

Je, basi ni vibaya kuweka tangi? Sidhani. Watoto wa shule wanaokuja kulitazama hili langu, wengi wao waliozaliwa hatua chache kutoka ufuoni, hawajapata kuliona tumbawe likikunjua vidole vyake wakati wa chakula. Wakiondoka huuliza maswali ambayo mwalimu wao huyabeba mpaka darasani. Tumbawe moja dogo kama kidole lililoletwa kwangu sasa limekuwa kubwa kama sahani, nami nimelikata vipande nikawagawia wenzangu, ili wasiende kutafuta baharini. Nadhani Gosse angalilipenda hilo, maana ndilo lililokosekana zama zake: wengi walijua kuchukua, wachache walijua kukuza.

Philip Henry Gosse alifariki St Marychurch tarehe 23 Agosti, 1888, akiwa na umri wa miaka 78. Katika miaka yake ya mwisho alishughulika na maua ya okidi, darubini yake na nyota za mbinguni. Jina la akwaria alilolieneza limeingia katika lugha nyingi za dunia, na ya kwetu imo. Anayetaka kumfuata katika kazi hii na ajue mapema kwamba bahari ukishaitia katika kioo haikupi likizo, na kwamba ile iliyobaki nje nayo ina haki ya kuangaliwa.