Godfrey Hounsfield: mtundu wa shamba aliyetuonyesha tumbo bila kisu

Haya wadau, leo tumcheki mzee mmoja ambaye jina lake lipo kwenye ripoti za hospitali dunia nzima. Ukiambiwa ukapige CT scan ya tumbo, ujue unaingia kwenye mashine ya Godfrey Hounsfield. Na tangu siku ya kwanza alikutana na tatizo linalokuhusu wewe mgonjwa: picha safi inalipiwa kwa mionzi.

Jamaa alizaliwa tarehe 28 Agosti 1919 huko Newark, Uingereza, mtoto wa mwisho kati ya watano. Alikulia shamba, na utundu wake usipime! Alikuwa akiruka toka juu ya marundo ya nyasi kavu na mabawa ya kujitengenezea. Siku nyingine nusura ajilipue akijaribu kurusha mapipa ya lami kwa maji na gesi. Shuleni alipenda fizikia na hesabu tu, mengine bora liende. Vita Kuu ya Pili ilipoanza akaingia jeshi la anga, akajifunza rada mpaka akawa anafundisha wenzake. Baada ya vita akapata diploma pale Faraday House, London. Digrii ya chuo kikuu hakusomea.

Akaajiriwa EMI, kampuni ile ile iliyotoa santuri za Beatles. Watu hupenda kusema hela za Beatles ndizo zilizojenga CT scan, ila ukweli ni kwamba serikali ya Uingereza nayo ilitia mkono wake vizuri tu.

Mwaka 1967 akapata wazo. Eksirei ya kawaida inabandika kila kitu juu ya kingine. Je, ukipitisha mionzi kutoka pande zote, halafu kompyuta ikapiga hesabu, si utaona kilichomo ndani kipande kwa kipande? Mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alishaanza kuzifanyia kazi hesabu kama hizo Cape Town mwaka 1956, lakini Hounsfield hakuwa na habari naye.

Sasa sikilizeni hapa. Jaribio lake la kwanza lilitumia chanzo dhaifu cha mionzi. Kupata picha moja kulichukua siku 9! Alipoweka mtambo wa eksirei wenye nguvu, zikawa saa 9. Mionzi ikiwa michache, picha inajaa chenga kama runinga yenye antena mbovu. Na ukitaka kupunguza chenga kwa nusu, lazima uongeze mionzi mara 4.

Akajaribu ubongo wa ng'ombe kutoka buchani. Tarehe 1 Oktoba 1971, hospitali ya Atkinson Morley, London, mama mmoja akawa mgonjwa wa kwanza. Uvimbe kichwani ukaonekana bila kupasuliwa.

Kichwa hutulia, tumbo je? Mtu anapumua, utumbo unacheza. Mashine ya mwili mzima ilikuja mwaka 1975, ikipiga kipande kimoja kwa sekunde 20 hivi, yaani mgonjwa abane pumzi.

Tumbo lina mtego mwingine. Kwa vipimo vinavyoitwa kwa jina la Hounsfield, maji ni 0 na hewa ni -1000. Jiwe la figo liko juu sana, linaonekana hata picha ikiwa na chenga, hivyo mionzi kidogo inatosha. Lakini uvimbe ndani ya ini hukaribiana mno na ini lenyewe. Hapo ukibana mionzi kupita kiasi, chenga zinauficha, na mgonjwa anarudi nyumbani akidhani mzima.

CT scan moja ya tumbo huwa karibu milisiveti 8 hadi 10. Mionzi ya asili hutupa wastani wa 2.4 kwa mwaka. Hatari ya saratani kutokana na kipimo kimoja ni ndogo, ila kila kipimo kinaongeza, na watoto ndio huathirika zaidi. Kwa hiyo picha bora ni ile inayojibu swali la daktari kwa mionzi michache iwezekanavyo. Kupendeza tu hakusaidii.

Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba, na wote wawili hawakuwa na shahada ya udaktari! Mwaka 1981 akaitwa Sir. Hakuoa, na alifariki tarehe 12 Agosti 2004 akiwa na miaka 84.

Basi wadau, ukiandikiwa kipimo hiki usikikimbie, kinaokoa maisha. Ila beba picha zako za zamani usije ukarudishwa kupigwa bure, sema mapema kama una mimba, na muulize daktari kama ultrasaundi inatosha. Kuuliza si ujinga. Haya, uwanja ni wenu, dondosheni maoni!