Marehemu Jaji Nyalali na Kazi ya Mama Nyumbani

Katika kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu, tumeona tumkumbuke marehemu Jaji Francis Nyalali. Hakuwa mtu wa Mbulu wala Hanang, lakini uamuzi wake unaingia mpaka jikoni kwetu.

Alizaliwa mwaka 1935 mkoani Mwanza. Alisoma Makerere, kisha sheria huko London. Alianza na uhakimu, akawa Jaji Mkuu mwaka 1977, akashika kiti hicho mpaka mwaka 2000. Wengi wanamjua kwa ile Tume ya 1991 iliyopendekeza vyama vingi. Sisi akina mama tunamjua kwa kesi ya mwaka 1983.

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu mahakama, ndoa ikivunjika, kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Basi ukazuka ubishi. Mama aliyepika na kulea watoto kachuma nini? Majaji wengine walisema huo ni wajibu wa mke tu, hauhesabiwi. Wengine walikataa. Ilipofika Mahakama ya Rufani kesi ya Bi Hawa Mohamed, mama aliyeachika Dar es Salaam, Jaji Nyalali na wenzake wawili walimaliza ubishi: kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali.

Tusifichane, Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufani yake. Fedha alizokwisha kupewa na mume kwa ajili ya mradi zilihesabiwa kuwa ndilo fungu lake. Hata hivyo, mlango alioubisha ulibaki wazi kwa waliomfuata.

Sasa wenzetu, hukumu haipandi basi ikaja yenyewe Katesh au Dongobesh. Mama akiachwa bado huambiwa ati arudi kwa kaka zake, shamba na ng'ombe vibaki. Na Jaji hakusema nusu kwa nusu. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja. Kwa hiyo tunza daftari lako la kikundi. Andika mkopo ulinunua bati ngapi, mbegu gani, ndama yupi. Siku ya shida, hilo ndilo shahidi wako.

Jaji Nyalali alifariki mwaka 2003. Mungu amlaze mahali pema. Amina.